Karanga za Kongwa na Deni la Wataalamu

Kila mradi mpya unaoletwa nyanda za kati siku hizi hutanguliwa na sifa zake. Ni wa kisasa, umebuniwa na wataalamu, umefanya vizuri kwingine. Mkutano wa kijiji huitishwa, mgeni rasmi hukata utepe, na mwananchi anayenyoosha mkono kuuliza "ukishindikana nani atalipa?" huonekana mkorofi. Gazeti hili halioni ukorofi wowote hapo. Mtaalamu alipaswa kuwa amejiuliza swali hilo kabla hajapanda gari kuja kijijini, na mkoa wa Dodoma una kila sababu ya kudai jibu lake kwa maandishi.

Sababu kubwa kuliko zote iko Kongwa.

Mwaka 1946 Uingereza, ikiwa ndiyo kwanza imetoka vitani, ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka wazo serikalini kwamba Afrika Mashariki ilimwe karanga kwa mashine, kwa eneo la ukubwa ambao haujapata kuonekana. Ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa, mara nyingi ukiitazama nchi kwa ndege, ukarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3. Sehemu kubwa ya ekari hizo ilikuwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliukubali. Mwaka 1947 mashine zikaanza kufyeka.

Watu hao hawakuwa wajinga, na anayewacheka kirahisi hajajifunza kitu. Walikuwa wametoka kushinda vita kubwa kuliko zote kwa sayansi na viwanda, wakaamini kwamba pori la Ugogo nalo lingesalimu amri. Matrekta yaliokotwa katika masalia ya kijeshi hadi Ufilipino. Vifaru vya Sherman vilivuliwa mizinga vikageuzwa vya kulimia. Idara ya utafiti nayo iliundwa, ikiwa na wanasayansi hodari, ila wakati inaanza kupima udongo, ekari zilikwisha kutangazwa na mashine zilikwisha kuagizwa. Mtafiti aliyeletwa baada ya uamuzi kufanyika hana kazi nyingine isipokuwa kuandika sababu za kushindwa.

Na sababu zilikuwapo ardhini, kwa yeyote ambaye angeinama kuzitazama. Mkaranga huchanua juu ya ardhi. Ua likishachavushwa, kikonyo chake huinama, hujichimbia chini, na punje hukomaa humo. Kwa hiyo zao hili linataka udongo tifutifu mara mbili: kikonyo kinapoingia, na mmea unapong'olewa. Udongo mwekundu wa Kongwa una mfinyanzi na chembe kali za mawe. Wakati wa masika unalimika. Mvua ikikatika unakakamaa, jembe halipenyi, na karanga inayovutwa inaacha punje chini. Chembe zile zilikula vyuma vya majembe hata vikabadilishwa kabla ya wakati wake. Mizizi ya vichaka ilikatika juu ikabaki chini. Tena mvua yenyewe, ambayo kwa wastani wa Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, huja msimu mmoja tu, na mwaka mwingine huja nusu.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilifunga mpango huo kama ulivyokuwa umekusudiwa na kufuta deni la pauni milioni 36.

Mgogo aliyekuwa akiishi kando ya kambi zile alikuwa akilima mtama na uwele, na kuhamisha ng'ombe kufuata malisho. Watu wazima walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920 iliyoua maelfu ya watu Ugogo. Walijua mahali maji yanapotuama, mwaka gani mvua hudanganya, na kwa nini babu zao hawakuufanya uwanda ule shamba moja. Ujuzi huo haukuwa siri, wala haukuwa wa bei. Haukuingia katika hesabu kwa sababu haukuwa na cheti.

Hapa ndipo gazeti hili linapotaka msomaji asimame kidogo. Hasara ya Kongwa imeandikwa sana kama hasara ya fedha za Waingereza. Mlipakodi wa Uingereza alikuwa na Bunge la kumsemea, na Bunge hilo lilimbana Strachey kwelikweli; hata hivyo Februari 1950 alihamishiwa Wizara ya Vita, akaendelea kuwa waziri. Mgogo, ambaye pori lake lilifyekwa na udongo wake wa juu ukakwanguliwa, hakuwa na pa kupeleka hoja. Kosa la kisayansi lilifanywa na watu wa mahali pamoja, likalipwa na watu wa mahali pengine. Mpangilio huo ndio uliomfanya mtaalamu awe jasiri kupita kiasi.

Wapo watakaosema basi, mashine na maabara ndio adui, tuachiwe ya wazee wetu. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mfugaji wa nyanda hizi anajua sotoka ilikuwa nini. Katika miaka ya 1890 ugonjwa huo ulifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na jamii nzima zikafilisika kwa msimu mmoja. Leo haupo duniani. Chanjo iliyoumaliza ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, Kenya, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa. Ila hatua ya mwisho ilikuwa ngumu, maana virusi vilibaki kwenye jamii za mbali ambako gari la daktari wa mifugo halifiki na barafu haidumu. Ikapatikana chanjo iliyovumilia joto, na huko Karamoja na Sudan Kusini wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja na kutoa taarifa. Mfugaji aliyetambua dalili za ugonjwa kwa macho hakudharauliwa. Alifanywa sehemu ya kazi.

Kati ya mifano hiyo miwili kuna wa tatu, na huu hautupi raha. Mwaka 1973 ilianzishwa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kuokoa vilima vya Kondoa vilivyokuwa vimechimbwa na makorongo. Kwanza zilitumika mashine kujenga matuta, hazikutosha. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Majani yalirudi, miti ikarudi, na leo mgeni akipita hawezi kuamini picha za zamani. Kitaalamu mradi ulishinda. Lakini kaya nyingi zilikaa miaka kumi bila maziwa na bila samadi kabla ya kuruhusiwa kufuga ndani. Mashamba ya leo yananufaika na kafara ambayo kaya hizo hazikuulizwa kama ziko tayari kuitoa, na hatujui kitabu chochote cha serikali kinachoonyesha deni hilo limelipwaje.

Sasa tuje kwenye chungu cha leo.

Mwaka 2016 watu walianza kuugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wilaya za Chemba na Kondoa zikiwamo. Macho yalikuwa ya manjano, matumbo yanavimba, na wengi walikuwa watoto. Kwa muda ukaitwa ugonjwa usiojulikana. Ulipokuja kujulikana, ilikuwa sumukuvu: sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizopigwa na ukame shambani au kuhifadhiwa na unyevu. Watu 68 waliugua, 20 wakafariki. Walikuwa wamekula chakula walichokilima wenyewe.

Sumukuvu haionekani kwa macho na haiishi kwa kuchemshwa. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka, inamwandalia saratani ya ini. Hapa mila haitoshi, na hapa ndipo sayansi ina wajibu usio na mbadala. Nenda soko la mahindi la Kibaigwa, wilaya hiyo hiyo ya Kongwa: mnunuzi anachoma bambo kwenye gunia, anamwaga punje kiganjani, anazitazama, anaitia moja kinywani na kuing'ata kupima ukavu. Ni fundi wa kazi yake, na kwa unyevu hukosea mara chache. Lakini jino halipimi sumukuvu.

Vipimo vipo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinajulikana: mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, wala sumukuvu sehemu 10 kwa bilioni. Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, kisha ikayaruhusu kwa sharti la cheti. Viongozi wetu walihangaika usiku na mchana, na walifanya vizuri. Tunauliza tu: mahindi yanayovuka mpaka wa Namanga yana mnunuzi wa kudai cheti, je, yanayobaki kihengeni kwa mama wa Chemba anayadai nani? Hapo ndipo maendeleo yanapopimwa, na kwa kipimo hicho bado hatujafika. Chombo kimoja kile kile kinamlinda mlaji wa Nairobi na kumwacha aliyelima.

Dawa ya shambani nayo ipo. Mwaka 2018 ilisajiliwa nchini Aflasafe TZ01, ukungu usio na sumu unaotupwa shambani kabla mazao hayajachanua ili uwahi nafasi ya ule wenye sumu. Na kinachoubeba, kwa taarifa ya waliokuwa wakiuita mtama chakula cha njaa, ni punje za mtama. Kuna turubai za kuanikia, kuna mifuko isiyopitisha hewa. Hakuna hata kimoja kinachohitaji kifaru cha Sherman. Kinachohitajika ni afisa ugani anayefika, na afisa ugani asiyefika analipwa mshahara sawa na anayefika. Tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwa Shirika la Viwango, na Wizara ya Kilimo ina mzigo wake na halmashauri zina wake. Mzigo uliogawanywa hivyo ni rahisi kila mmoja kudhani mwenzake ameubeba. Tunawataka waketi meza moja kabla ya mavuno yajayo, watangaze kwa kila kata ni nani mwenye kazi ya kupima, kwa kifaa kipi, na matokeo yatasomwa wapi.

Tunayasema haya tukijua kwamba mashamba makubwa ya pamoja yamerudi katika uwanda huu. Mpango wa serikali wa kilimo cha vijana, BBT, uliozinduliwa mwaka 2023, umewaweka vijana Chinangali na Ndogowe wilayani Chamwino, kwa mashine na visima. Hatusemi ni karanga za pili. Nia ni njema, vijana ni wetu, na mazao ni ya kula au kuuza kwetu wenyewe. Ila kwa sababu ni wetu, umma una haki ya kuona mavuno kwa ekari ya kila msimu, kina cha maji visimani mwaka hadi mwaka, na kiasi ambacho kijana amebaki nacho baada ya makato. Takwimu za kujisifu tunazipata bila kuomba. Tunaomba zile nyingine. Wakati wa Kongwa ya 1947, taarifa mbaya zilichelewa kufika London, na kila wiki ya ukimya ilikuwa na gharama yake.

Chuo Kikuu cha Dodoma kiko hapa hapa tangu 2007. Vituo vya utafiti vya Makutupora na Hombolo viko mwendo mfupi kutoka mjini. Mtafiti wa serikali anayejua kwamba mradi fulani hautafaa udongo fulani, akanyamaza kwa kuwa mheshimiwa ameshautangaza, amevunja wajibu wake, hata kama hakuna kifungu cha kumshtaki. Na mkubwa anayemhamisha mtafiti huyo kwa kusema amefanya kosa kubwa zaidi.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari na ushiriki wa wananchi, na mkutano mkuu wa kijiji una nguvu yake kisheria. Lakini ushiriki umegeuzwa kuwa kusaini na kupata soda. Karatasi ya mahudhurio si ridhaa. Ridhaa ni mtu kuelezwa kwa lugha anayoielewa, Kigogo au Kirangi ikibidi, kwamba jambo hili lilijaribiwa wapi, kwa misimu mingapi, lilishindwa wapi, na likishindwa hapa yeye atafidiwa nini.

Wabunge wanakutana katika jiji hili kila Aprili kujadili bajeti. Wasipitishe shilingi ya mradi wa teknolojia ya kilimo, maji au mifugo ambao matokeo yake ya majaribio hayajawekwa mezani, pamoja na jina na cheo cha aliyeyathibitisha. Jina hilo libandikwe pia kwenye ubao wa ofisi ya kijiji husika, likifuatiwa na tarehe ambayo mwenyewe atarudi kutoa hesabu mbele ya mkutano mkuu. Kuhamishiwa Dar es Salaam si udhuru. Tangu Julai 2024 kuna treni ya umeme.