Mchawi wa Mtaa wa Maple
Mwaka 1960 televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha igizo la Rod Serling katika mfululizo wa The Twilight Zone: umeme unakatika Mtaa wa Maple, majirani wanamsaka mgeni wa angani miongoni mwao, jirani mmoja anapigwa risasi na ghasia zinatanda, huku wageni wenyewe wakiwatazama kutoka kilimani. Kejeli ile inatuhusu sisi wa Ufipa, Tanzania. Miaka hiyohiyo wasaka-wachawi walioitwa Kamchape walipita vijijini mwetu wakifichua “wachawi”. Baadaye wakaja wapiga ramli waitwao lambalamba, na kazi ileile. Basi, mtoto akiugua hapa Sumbawanga, apelekwe hospitali, na bibi kizee wa jirani asisingiziwe uchawi, aachwe kwa amani. Nanyi viongozi wa vijiji, msiwafungulie mlango wapiga ramli: wanaondoka na pesa zetu, wakituachia uhasama.