Kwa nini Peugeot 504 ya safu tatu hairudi, ingawa barabara za Busia na Tororo bado zinaihitaji?

Abiria anayetoka mpakani Busia, upande wa Kenya, akielekea Bumala, Funyula au Port Victoria, hana uteuzi mpana wa usafiri. Akiikosa matatu ya viti 14, atapanda bodaboda au ataingia ndani ya Toyota Probox. Gari hili liliundwa kubeba watu watano. Katika barabara za magharibi mwa Kenya si ajabu kuliona likiwa na watu wanane au tisa, wengine wakiwa wamejikunja sehemu ya mizigo nyuma ya kiti cha mwisho, na dereva akishiriki kiti chake na abiria.

Hali haikuwa hivi daima. Watu wa makamo wa pande zote mbili za mpaka, kutoka Busia hadi Malaba na Tororo, wanalikumbuka gari jingine lililofanya kazi hiyohiyo kwa miongo kadhaa: Peugeot 504 ya stesheni wagoni, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ambayo wengi waliiita Pijo tu. Kabla yake ilikuwapo 404. Teksi za Peugeot zilikuwa sehemu ya safari ndefu za Uganda na Kenya tangu miaka ya 1960, na hata leo, kila inaposikika habari kwamba kampuni hiyo ya Ufaransa inapanga jambo fulani barani Afrika, wapenzi wa gari hilo huuliza swali lilelile: je, wataitengeneza tena?

Swali hilo linaweza kuonekana kama la watu wanaotamani ujana wao. Kwa sehemu ni kweli. Lakini nyuma yake kuna jambo zito zaidi, nalo ni pengo katika aina za magari yanayotengenezwa duniani, pengo ambalo abiria wa vijijini ndio wanaolilipia kwa usalama wao.

Uimara uliojengwa kwenye bodi

Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa Gari Bora la Mwaka la Ulaya. Toleo la saluni lilikuwa na mwonekano wa kupendeza uliochorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Hata hivyo sifa yake Afrika haikutokana na uzuri. Ilitokana na springi laini zenye mwendo mrefu, injini ambayo fundi wa kawaida angeweza kuifungua na kuifunga kando ya barabara, na bodi iliyostahimili mashimo na vumbi.

Stesheni wagoni haikuwa saluni iliyoongezwa mkia. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa mita 2.90, ilhali saluni ilikuwa na mita 2.74. Ekseli ya nyuma ilikuwa ya chuma kizima, ikibebwa na springi nne badala ya mbili. Toleo la familia lilikuwa na safu tatu, zote zikitazama mbele. Tofauti hii ni muhimu: abiria wa safu ya tatu alikuwa ameketi kwenye kiti halisi kilichofungwa sakafuni. Hakuwa mzigo uliobanwa mahali pa magunia. Ni kweli kwamba wenye teksi wa Afrika walijaza hata gari hilo kupita kiasi, na haitakuwa haki kulisimulia kana kwamba lilikuwa na malaika kwenye usukani. Lakini gari lililoundwa kwa watu saba likibeba tisa, na lile lililoundwa kwa watano likibeba tisa, hayabebi hatari iliyo sawa.

Mashindano ya Safari yaliongeza sifa hiyo. Peugeot 404 ilishinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963 na 1968 ikiendeshwa na Nick Nowicki, na mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland aliyeishi Tanzania. Katika mwaka 1963, na tena 1968, magari saba pekee ndiyo yaliyofika mwisho. Peugeot 504 ikafuata, ikampa ushindi Ove Andersson mwaka 1975, na toleo lake la kupe lenye injini ya V6 likampa ushindi Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Mkulima wa Samia au mfanyabiashara wa Tororo hakuhitaji tangazo la gazeti kumwambia gari gani lingefika.

Ulaya iliacha kutengeneza saluni mwaka 1983. Afrika haikuacha. Kenya iliendelea kuunganisha 504 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, na Nigeria, katika kiwanda cha Kaduna, iliendelea hata baada ya hapo. Kisha ikaisha.

Umbo likifa, hurudi lini?

Si wapenzi wa magari peke yao wanaosubiri kiwanda kifufue umbo lililoachwa. Wapiga gitaa la besi duniani wanaijua subira hiyo vizuri. Mwaka 1963 kampuni ya Marekani ya Gibson ilitoa besi iliyoitwa Thunderbird, yenye kiwiliwili kilichopinda kinyume na mazoea. Aliyelichora umbo hilo, Ray Dietrich, hakuwa fundi wa magitaa. Alikuwa mbunifu wa bodi za magari. Mwaka 1965 kampuni ikalibadili umbo, na kufikia 1969 ikaacha kabisa kulitengeneza. Wapigaji waliendelea kulitafuta, na mwaka 1976 Gibson ikalirudisha kwa muda, ikiadhimisha miaka 200 ya uhuru wa Marekani, kisha ikalirudisha tena mwaka 1987.

Kwa nini gitaa lilirudi? Kwa sababu kurudi kwake kulihitaji mbao, kiolezo na mafundi wachache, na kwa sababu waliolitamani walikuwa ndio hao hao ambao wangelinunua likiwa jipya. Gari halina wepesi huo. Mashine za kukandamiza mabati ya bodi moja tu hugharimu fedha nyingi sana, na kila gari jipya linapaswa kupita majaribio ya mgongano, ya moshi na ya breki ambayo mchoro wa mwaka 1968 haukuyafikiria. Peugeot 504 ileile, bati kwa bati, haiwezi kurudi kihalali karibu mahali popote.

Hata hivyo wapo waliojaribu kuishawishi Peugeot. Mwaka 2018, wakati 504 ilipotimiza miaka 50, kampuni ilionyesha mjini Paris gari la maonyesho la umeme lililoitwa e-Legend, ambalo umbo lake lilitokana na 504. Makumi ya maelfu ya watu walitia saini ombi la kutaka litengenezwe. Mkuu wa Peugeot wakati huo, Jean-Philippe Imparato, alijibu kwa kuweka kiwango cha saini 500,000. Hazikufika, na gari halikutengenezwa. Inafaa kutambua kwamba lililotamaniwa Ulaya lilikuwa kupe, gari la milango miwili la kutembelea. Hakuna aliyeandaa ombi kama hilo kwa ajili ya stesheni wagoni ya safu tatu.

Upo mfano mmoja wa umbo la zamani lililoshinda. Toyota iliirudisha Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyozaliwa mwaka 1984, katika soko la Japani kwa muda mfupi mwaka 2014, na tena mwaka 2023. Barani Afrika haikuwahi kuondoka: pikapu yake inaunganishwa hadi leo katika kiwanda cha AVA mjini Mombasa. Bodi yake imebadilika kidogo sana kwa miaka 40.

Anayenunua gari na anayenunua kiti

Swali la kwa nini Land Cruiser ilibaki na 504 ikaondoka linajibiwa na orodha ya wateja. Land Cruiser hununuliwa ikiwa mpya na serikali, polisi, mashirika ya Umoja wa Mataifa, migodi na kampuni za utalii. Wanaagiza kwa makumi na wanalipa bei ya kiwandani. Peugeot 504 ya teksi, kinyume chake, ilikuja kuwategemea watu wanaonunua gari la pili au la tatu kwa akiba na mkopo wa chama. Na abiria wa Funyula hanunui gari kabisa. Ananunua kiti, kwa shilingi mia chache, kwa safari moja. Sauti yake haifiki Sochaux wala Nagoya.

Ndiyo maana Peugeot iliporejea Kenya mwaka 2017 na kuanza kuunganisha magari katika kiwanda cha KVM, Thika, haikuleta gari la stendi. Ilileta saluni ya 508, na baadaye 3008, magari ya maofisa na watu wenye kipato. Mwaka huohuo ilitangaza pikapu ya soko la Afrika iliyotokana na gari la kampuni ya Dongfeng ya China, na wengi wakaikumbuka pikapu ya 504. Lakini jina lilikuwa la Peugeot na mifupa ilikuwa ya mwingine. Pikapu, isitoshe, haitatui tatizo la kiti cha abiria.

Jaribio lililolenga tatizo lenyewe lilitoka Nairobi. Kampuni ya Mobius, iliyoanzishwa na Mwingereza Joel Jackson, ilitaka kutengeneza gari rahisi na gumu kwa ajili ya barabara mbovu za Afrika, lenye uwezo wa kubeba abiria wengi na mizigo, na Mobius II iliuzwa kwa takriban dola 10,000. Tatizo lilikuwa la hesabu. Kwa fedha hizo, au pungufu, mwenye teksi alipata Toyota iliyotumika Japani, yenye vioo, redio, na spea zinazopatikana kwenye kila duka la mji. Mobius ilipanda ngazi kuelekea magari ya kifahari zaidi, na Agosti 2024 ikatangaza kufunga shughuli zake kabla ya kupata mnunuzi kutoka nje.

Hapo ndipo uchambuzi wa jambo hili unapokuwa mchungu. Kilichoiua 504 si ubovu wake, wala si kusahaulika kwake. Ni bei ya gari la mitumba. Mradi wowote wa kulifufua umbo hilo, uwe wa Ufaransa, wa China au wa Afrika Mashariki yenyewe, utakutana na Probox iliyoshushwa bandarini Mombasa, na kwa masharti yaliyopo utashindwa.

Mpaka mmoja, sheria mbili za umri

Busia na Malaba zinaonyesha jambo hili vizuri kwa sababu ndizo njia wanamopita hao wanaoshindana. Magari yaliyotumika yanayokwenda Kampala, Kigali, Juba na mashariki mwa Kongo hupita hapo. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, ukaguzi hufanywa mahali pamoja. Lakini sheria hazikuunganishwa pamoja na majengo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, inaruhusu hadi miaka 15. Kwa hiyo gari la miaka 12 linaweza kupita Kenya nzima, kutoka Mombasa hadi Malaba, bila ruhusa ya kusajiliwa humo, kisha likavuka na kuwa gari halali la Tororo.

Tofauti hiyo ina matokeo ambayo hayazungumzwi sana. Probox ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ilikuwa na matoleo mawili: wagoni ya abiria, yenye kiti cha nyuma kamili, na veni ya mizigo. Toleo la pili, la mwaka 2014, ni veni. Kwa sharti la miaka minane, wagoni haiwezi tena kuingia Kenya kutoka Japani. Uganda bado ina miaka michache. Hata gari ambalo lilirithi kazi ya 504, basi, limepoteza bodi iliyofaa abiria, na halikutangaziwa tanzia yoyote.

Kuna wanaosema jibu ni polisi: magari yanayojaza kupita kiasi yakamatwe. Hilo limefanywa mara nyingi na litafanywa tena, na halina budi kufanywa. Lakini mahali ambapo matatu hupita mara chache na daladala kubwa haipati faida, kuliondoa gari dogo barabarani humwacha mama mjamzito au mwanafunzi na bodaboda pekee. Hatua yenye mantiki zaidi ingekuwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kukubaliana juu ya umri mmoja wa magari na kuyapa nafuu ya kodi magari ya abiria yenye safu tatu halisi na mikanda, ili mwenye teksi aone faida ya kuyanunua. Magari kama Toyota Sienta, yenye viti saba, tayari yanaonekana barabarani, ingawa yamekaa chini mno kwa njia ya Port Victoria wakati wa masika.

Kwa sasa, Peugeot 504 zilizobaki ni chache, nyingine zikiwa zimekatwa nyuma na kufanywa pikapu. Zinazoshuka melini ni Probox za veni. Kiti chake cha nyuma ni benchi jembamba la kukunja, lililokusudiwa kumbeba mfanyakazi kwa safari fupi pale sehemu ya nyuma isipojaa vifurushi. Hilo ndilo litakalowabeba watu wanne kutoka Busia hadi Bumala kesho asubuhi, na wengine wawili au watatu nyuma yao.