Mgonjwa na Aulizwe Uji



Wazazi wenzangu, wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Yaani, mhitaji asingojwe mpaka aombe. Ni hekima njema jikoni. Lakini iko kazi moja ya zama zetu ambayo huharibika mgonjwa asipoulizwa, nayo ni kubuni programu za simu. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha masomo ya kuandika programu shuleni, na wengi wetu tunauliza kwa shauku: je, mwanangu ameshajua? Suali lililo bora zaidi ni hili: anamwandikia nani, na mtu huyo ameulizwa?

Tutazame wanafunzi watano wa kike kutoka Kisumu waliojiita The Restorers. Mwaka 2017 walikwenda California katika shindano la Technovation, ambalo huwataka wasichana watafute tatizo katika jamii yao kisha walibunie programu. Wangeweza kubuni mchezo wa kupitishia wakati. Wao wakabuni i-Cut, programu ya kumsaidia msichana aliye katika hatari ya kukeketwa, kitendo kilichopigwa marufuku na sheria ya Kenya ya mwaka 2011. Kupitia programu hiyo msichana angeweza kuomba msaada, kuripoti, au kujua vituo vya kukimbilia. Mwaka 2019 walifika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya.

La kuzingatia ni kuwa jamii yao wenyewe haina desturi hiyo. Waliijua kwa rafiki zao waliofikwa na masaibu hayo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wao waliwasikiliza waliokilalia, na hapo ndipo elimu yao ilipoanzia, kabla ya kompyuta.

Hata wakubwa hufundishwa na watumiaji. M-Pesa ilipojaribiwa tangu mwaka 2005, ilikusudiwa kuwawezesha watu kupokea na kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa wakiijaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wabunifu hawakuwakemea; waliwatazama, wakaielewa haja iliyokuwapo, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Tena ilifanya kazi hata kwenye simu ndogo tunayoiita mulika mwizi. Lau wangeng'ang'ania walichokusudia mwanzo, mama wa kijijini asingeipata haja yake.

Basi mwanafunzi afundishweje? Kwanza, atoke na daftari akamsikilize mhitaji, wala asimtajie programu. Chukulia nyanya anayesahau dawa za presha. Mwanafunzi atakimbilia kutengeneza kengele ya simu. Akikaa naye na kumuuliza, huenda akagundua kuwa nyanya hasahau: hawezi kusoma maandishi madogo yaliyo kwenye pakiti, au dawa zimekwisha na anaona haya kuwaambia wanawe. Kengele haitibu lolote kati ya hayo.

Pili, achore kurasa za programu yake kwenye karatasi, ampe nyanya aguse kwa kidole kana kwamba ni simu, naye anyamaze atazame. Pale kidole kinaposita ndipo penye kosa, na kosa ni la mchoraji, si la nyanya. Karatasi hufutwa kwa urahisi kuliko programu iliyokwisha kuandikwa. Tatu, ndipo aingie kwenye kompyuta. Hatua hii tunayoiogopa siku hizi imerahisishwa: App Inventor ya chuo cha MIT hutolewa bure, na mwanafunzi huunganisha vipande vya maagizo mfano wa kupanga matofali. Nne, arudi kwa nyanya na kazi yake, asikilize tena.

Liko jambo lisilofaa kuachwa mpaka mwisho wa masomo, nalo ni amana. Programu inayohusu maradhi, ndoa au dhuluma hubeba siri za watu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019, ila sisi tulifundishwa kusitiri kabla ya sheria hiyo. Simu nyingi majumbani mwetu hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Msichana anayeomba kuokolewa huenda ameishika simu ya yule yule anayemkimbia, na jibu moja likitokeza kwenye kioo usiku laweza kumtia hatarini zaidi. Kwa hivyo kila mwanafunzi aulizwe mapema: ni nani mwingine atakayekiona kioo hiki? Ni habari gani unazichukua bila kuzihitaji?

Na aulizwe pia: kitufe kikibonyezwa, nani atapokea? Programu haina mikono. Kitufe cha kuomba msaada kisichokuwa na mtu upande wa pili ni hadaa kwa mwenye dhiki. Pengine mwanafunzi atatambua kuwa kinachohitajika ni jirani, muuguzi au nyumba ya kumpokea mtu, wala si programu. Akitambua hivyo amefaulu, na mwalimu ampe alama zake.

Akina mama, kazi hii haihitaji mjue kompyuta. Mwana akija na habari ya programu anayotaka kuibuni, msimwambie tu hongera. Muulizeni amezungumza na nani, kisha mumtume kwa huyo mtu: kwa nyanya, kwa mama wa kliniki, kwa jirani asiyesikia vizuri. Na mabanati wenu wapeni ruhusa ya masomo haya sawa na ndugu zao wa kiume, kwani ziko shida ambazo mwanamke hazisemi ila mbele ya mwanamke mwenziwe. Asipokuwapo wa kuzisikia, hakuna atakayezibunia dawa.

Wabillahi tawfiq.