Binti wa Iringa katika vitabu vya wengine

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, awe Kihesa au Uyole, amesoma riwaya tatu zilezile za Kiswahili: Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Takadini ya Ben Hanson na Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Akifika kidato cha tano anawakuta Adam Shafi, Mbunda Msokile, Shaaban Robert na Hussein Tuwa. Wanaume watupu. Mwanamke aliyepata nafasi ni Penina Muhando, naye kwa tamthilia yake Nguzo Mama. Kijana anaweza kumaliza shule akiwa amewafahamu Mama N'tilie, Sekai na Yasmin, wanawake walioandikwa kwa ufundi na huruma, asijue kwamba mwanamke naye hutunga riwaya.

Huku Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uchungu wa ziada, kwa sababu binti wa huku ni mhusika maarufu. Ndiye dada wa kazi aliyetolewa Mafinga kupelekwa Dar es Salaam, ndiye anayechekwa lafudhi kwenye vichekesho. Amekuwa takwimu pia. Utafiti wa 2011–12 ulipoonyesha maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, mikoa iliyoongoza Tanzania Bara, ziliandikwa ripoti, vipeperushi na maigizo ya kuelimisha. Riwaya ya mwanamke wa huku juu ya miaka ile mimi sijaisoma. Binti huyu ameandikwa sana, ila kwa nafsi ya tatu.

Na si kwamba hatukuwa na mwanzo. Martha Mvungi, mzaliwa wa Njombe, ambayo hadi 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, alitoa vitabu viwili mwaka mmoja, 1975. Kimoja ni Hana Hatia, riwaya ya Kiswahili iliyochapishwa na Tanzania Publishing House. Cha pili ni Three Solid Stones, hadithi za Kibena na Kihehe alizozisimulia upya kwa Kiingereza, kikatoka katika mfululizo wa Heinemann uliomtangaza Chinua Achebe. Mwaka huohuo mwanamke mwingine, Ndyanao Balisidya, alitoa riwaya yake Shida. Ungedhani mlango umefunguka. Kisha ikaja vita ya Kagera, karatasi na fedha za kigeni vikaadimika, na uchapishaji wa Kiswahili ukadhoofika nchi nzima. Hana Hatia sijawahi kuiona kwenye duka la vitabu Mbeya wala Iringa.

Ukiuliza kwa nini wanawake wa huku hawatungi, jibu la haraka ni muda: shamba, watoto, biashara, jiko. Ni kweli, lakini halitoshi, maana wanaandika. Simulizi zinatungwa usiku kwenye simu na kusambazwa kwa WhatsApp, sehemu za mwanzo bure, zinazofuata kwa kulipia. Muda mdogo uliopo umetumika. Kinachonishtua ni majina ya kubuni waliyojificha nyuma yake.

Wanajificha kwa sababu nzuri. Mwanamume akitunga habari za mume mlevi, huulizwa alimjengaje mhusika wake. Mwanamke huulizwa mumewe hajambo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka 1971 ilizua ubishi mkubwa hata ikazuiwa shuleni kwa muda, ila sidhani kama kuna aliyemuuliza Kezilahabi kama Rosa ni yeye. Miji yetu ni midogo. Aliyekusoma Sokomatola leo, kesho mtakutana naye msibani.

Wapo wanaosema ukimya huu ni mila. Watanionyesha ingamwana ya Wanyakyusa: mke hatamki jina la baba mkwe, wala maneno yanayofanana na jina hilo, bali hutafuta au huunda mengine. Mimi nauona hapo ushahidi wa kinyume. Mtu anayelikwepa neno miaka na miaka, jikoni na shambani, na bado akaeleweka, amekwisha kufuzu sehemu ngumu ya utunzi, ile ya kusema jambo bila kulitaja. Anachokosa ni ruhusa ya kulitaja siku hadithi inapomtaka alitaje.

Kizuizi cha pili ni funzo. Soko la riwaya ya Kiswahili ni shule, na shuleni kitabu hupimwa kwa dhamira na ujumbe. Basi binti anayekosea katika sura ya pili sharti aadhibiwe kabla ya sura ya mwisho, na mwandishi wa kike, anayedhaniwa kuwa mlezi hata akishika kalamu, ndiye anayebanwa zaidi. Siwezi kuwalaumu wachapishaji, maana bila shule wangekula nini? Lakini hata bibi zetu, ambao husingiziwa kwamba kila hadithi yao ilikuwa somo, walimwachia Sungura adanganye, aibe na aondoke akicheka.

Tuzo zimesaidia. Mwaka 2018 Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar alishinda Tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Tuzo ya Safal, kwa riwaya yake Mungu Hakopeshwi, na tangu 2022 tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ila tuzo humkuta mtu aliyekwisha kumaliza mswada. Wengi huku hukwama katikati, kwa kukosa msomaji wa kwanza asiye jirani wala ndugu. Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na kile cha Ruaha. Idara zinazofundisha fasihi hapo zingeweza kupokea miswada isiyo na majina, kuisoma na kuirudisha na maoni, na zikaanza kwa kutafuta haki za kuichapisha upya Hana Hatia. Maoni yenyewe yawe ya kazi: kwa nini sura ya tatu inalegea, kwa nini mama mkwe anaongea kama mhubiri, kwa nini mhalifu amekamatwa mapema. Mume wa mwandishi asubiri nje.