Pesa ya matibabu isifuate kazi, ifuate familia

Katika kartiye nyingi za Kadutu, Ibanda na Bagira, wamama wanakutana kila juma kwenye parsele ya mmoja wao na kufungua sanduku. Ni wanachama wa MUSO, mutuweli ya mshikamano. Pesa yao inagawanywa katika makasha matatu: la kijani, jekundu na la buluu. La kijani ni akiba wanayokopeshana kwa ajili ya biashara. La buluu ni la pesa inayotoka nje ya kikundi. Jekundu ni la shida: mtoto amelazwa, mama amejifungua kwa kupasuliwa, mzee amefariki. Hakuna anayegusa kasha jekundu ili kununua sambaza za kwenda kuuza. Pesa ile inangoja ugonjwa.

Kwa familia nyingi za Bukavu, hiyo ndiyo akaunti ya afya pekee waliyo nayo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2003 iliruhusu raia kuweka pesa ya matibabu katika akaunti maalum isiyokatwa kodi. Mtu anaweza kudhani kwamba Kongo haijawahi kufikiria jambo kama hilo. Sivyo. Sheria ya kodi ya Februari 10, 1969 ilisema kwamba gharama za matibabu ambazo mwajiri anamlipia mfanyakazi hazihesabiwi ndani ya mshahara unaokatwa kodi, mradi ziwe za kweli na zisipite kiasi. Tena, sheria ya kazi ya Oktoba 16, 2002 inamlazimisha mwajiri kumtibisha mfanyakazi pamoja na familia yake muda wote wa mkataba.

Ni sheria nzuri, lakini imewafikiria wenye mkataba tu. Mama anayeuza mboga Kadutu, kijana wa motari, fundi wa viatu, mbeba mizigo wa bandarini: hawa hawana bwana wa kazi wa kuwapa karatasi ya kwenda hospitali. Muuzaji analipa ushuru wa soko kila siku, awe ameuza au hajauza. Mtoto wake akipata malaria kali, dawa inanunuliwa kwa pesa ambayo imekwisha kukatwa. Mwenye mshahara anasamehewa kodi kwa ajili ya ugonjwa, lakini asiye na mshahara hasamehewi kitu.

Mwaka 2025 ulionyesha kwamba hata wenye mkataba walikuwa wamesimama juu ya tawi jembamba. Mwezi wa Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi yaliyokuwa yakiajiri watu Kivu ya Kusini yakapungukiwa pesa. Katikati ya Februari, M23 ikaingia Bukavu na mabenki yakafunga milango. Mtu aliyekuwa na kazi, matibabu ya familia na akiba benki aliweza kupoteza vyote vitatu kwa muda mfupi. Mkataba ukiisha, karatasi ya hospitali nayo inaisha. Lakini kisukari cha baba hakiishi siku ile, na mimba ya mama haisimami kungoja kazi nyingine.

Tangu mabenki yafunge, pesa nyingi za familia zimepitia kwenye simu, na wengine walivuka Ruzizi kwenda kutafuta pesa mkononi upande wa Rwanda. Kila njia ina gharama yake. Tuseme ndugu aliye Lubumbashi ametuma dola 50 kwa ajili ya upasuaji, na anayetoa pesa anabakiza 3 kama komisyo. Dola hizo 3 hazijaonja mkono wa muganga. Hakuna bunge lililozipigia kura, lakini kwa mgonjwa hazina tofauti na kodi. Pesa isipotimia, kila mtu Bukavu anajua kinachofuata: mgonjwa amepona, mtoto amezaliwa salama, lakini familia inabaki ndani ya hospitali mpaka fakitire ilipwe.

Kuna wanaosema kwamba vikundi hivi si vya kutegemewa. Mtunza pesa anaweza kutoroka nazo, wezi wa usiku wanaweza kubeba sanduku, na watu wengine wanakumbuka mchango siku wanapougua. Hayo ni kweli. Tena kasha jekundu la watu 25 haliwezi kubeba upasuaji wawili kwa mwezi mmoja. Ndiyo sababu vikundi vidogo vinapaswa kuungana na mutuweli kubwa za afya, kama zile ambazo Kanisa Katoliki limesaidia kwa miaka mingi katika jimbo kuu la Bukavu. Na sheria ya kuzisimamia ipo: ile ya Februari 8, 2017 juu ya mutuweli. Mfano nao upo ndani ya nchi. Bwamanda, katika Ekwateri ya zamani, watu walianza mwaka 1986 kuchangia matibabu ya hospitali, nao walikuwa wakulima, si wenye mishahara. Walichanga kwa sababu hospitali yenyewe ilikuwa ikifanya kazi.

Kwa hiyo, msamaha uliotolewa kwa mshahara ufuate mtu na familia yake popote wanapopata riziki. Njia si ngumu. Muuzaji anayeonyesha karte ya mutuweli iliyolipiwa apunguziwe ushuru wa soko. Yeyote anayekusanya kodi Bukavu anaweza kufanya hivyo, na serikali ya Kinshasa inaweza kuliandika katika sheria. Makampuni ya simu yaondoe komisyo kwa pesa inayotumwa moja kwa moja kwenye namba ya hospitali au ya mutuweli. Hospitali zikubali barua ya mutuweli bila kudai pesa mkononi kwanza. Na mashirika yanayofunga mikataba, kabla ya kuondoka, yamlipie kila mfanyakazi mchango wa mutuweli wa mwaka mmoja kwa familia yake.

Wakusanya kodi watasema mapato yatapungua. Yatapungua kidogo, ni kweli. Lakini mama anayeuza mtaji wake wote ili atoke hospitali harudi sokoni kesho yake. Ushuru wake unapotea mwaka mzima, na watoto wake wanafukuzwa shuleni kwa kukosa minerval. Nani amepata faida hapo?

Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kwamba haki ya afya inahakikishwa. Hakisemi inahakikishwa kwa wenye mkataba tu. Wamama wa Kadutu wameanza kuitekeleza wenyewe, franka kwa franka, ndani ya kasha jekundu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wao walishaunganisha vyao. Walio na madaraka, simu na hospitali waongeze cha kwao, au angalau waache kuchota ndani ya kasha hilo.