Mtoto Aonjeshwe Shairi Kabla ya Kufundishwa

Takriban mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa wosia, ambao watoto wengi wa pwani, kizazi hata kizazi, wameusikia ukighaniwa kabla hawajajua kuandika. Na sauti ile, pamoja na nakshi za maua zilizochongwa katika milango ya Lamu na Unguja, iliwatia ajabu nyoyoni hata pale maana ilipowapita kimo.

Leo, katika madarasa yetu mengi, mwanafunzi hulakiwa na hesabu ya vina na mizani kabla sikio lake halijaonja utamu wa shairi lenyewe, mithili ya mgeni anayetajiwa viungo vya pilau asipakuliwe. Basi si ajabu akihitimu hali auchukia ushairi. Elimu ya arudhi ni lazima, wala sisemi iachwe, lakini na ije baada ya ladha.

Enyi wazazi na walimu, waghanieni watoto shairi moja kila siku, wapelekeni wakaitazame milango ile, wala msiwatahini. Kwani mahaba ya sanaa hutangulia maarifa yake.