Kadi ya Bima Ipimwe kwa Hospitali Zake

Mwajiri anapowatangazia wafanyakazi wake kwamba amewakatia bima ya afya, makofi hupigwa, na ni haki yapigwe. Lakini swali ambalo aghalabu haliulizwi siku hiyo ni hili: kadi hizo zitapokelewa wapi?

Kampuni ya bima hufunga mkataba na hospitali kadhaa, ikaziahidi wagonjwa ili nazo zipunguze bei. Jambo hilo peke yake si dhuluma. Orodha fupi yenye hospitali ya wilaya, hospitali ya misheni iliyo jirani na duka la dawa lisilofungwa usiku, ni bora kuliko orodha ndefu ya hospitali za Dar es Salaam anayokabidhiwa mfanyakazi wa Geita. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane hasaidiwi na mamilioni yaliyochapwa katika kijitabu cha bima.

Wala orodha si kitu cha kudumu. Mwezi Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia bei mpya za huduma, baadhi ya hospitali za binafsi zilizozipinga bei hizo zilisitisha kuwapokea wanachama wake. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3. Sheria inayoamuru makato hayo haiulizi ni hospitali ngapi zimesalia.

Huko serikalini mfanyakazi hachagui mfuko. Katika makampuni, mwajiri ndiye anayechagua, na mara nyingi huchagua kwa kutazama bei tu. Mabaraza ya wafanyakazi yalianzishwa kwa agizo la Rais la mwaka 1970 ili mfanyakazi awe na sauti mahali pake pa kazi. Ni ajabu sauti hiyo inyamaze panapohusika uhai wa wanawe.

Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi hawana budi kudai orodha ibandikwe ukutani kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Waende wenyewe hospitalini wakaulize kama madai hulipwa kwa wakati, maana hospitali inayodai malimbikizo ndiyo huanza kuzikataa kadi. Na mkataba utamke wazi kwamba hospitali ikijitoa, mgonjwa aliyekwisha kuanza matibabu atayamaliza hapo hapo. Mikataba hii kwa kawaida ni ya mwaka mmoja mmoja. Wasingoje mwezi wa mwisho.